Deni la sola halizikwi na marehemu

Huku kwetu Pemba nasikia tangu mdogo kwamba mtu akishazikwa na deni lake limezikwa, sasa nyumba ya urithi inataka kuuzwa, juu ya bati kuna paneli mbili za sola za mkopo, mwenye sola anasema anadai, warithi wanasema baba kashamaliza kulipa, na dalali anawambia uzeni tu.

Sio hivyo jamani. Sura An-Nisaa aya ya 11 iko wazi, urithi unagaiwa baada ya wasia na deni. Yaani maziko kwanza, deni, wasia usiozidi theluthi, ndo warithi. Ila mrithi halipi kwa mfuko wake, linatoka kwenye mali ya marehemu, na hili watu wengi hawalijui wanaishi na hofu bure.

Na anaedai ndo alete ushahidi. Tafuteni risiti, sie za baba tulizikuta kwenye kopo la biskuti, wino umefifia lakini tarehe zinasomeka. Mkishindwana nendeni kwa kadhi, na mnunuzi aambiwe mapema, kabla hajatoa hata shilingi.