Simbilisi wa kuokolewa: swali la kwanza ni ataishi na nani

Watu wakiniandikia kutaka simbilisi (guinea pig kwa Kiingereza), mara nyingi huanza na rangi, umri, au kama yupo mwenye manyoya marefu. Mimi huanza kwa kuuliza ataishi na nani, na simaanishi watu wa nyumba hiyo. Namuulizia simbilisi mwenzake. Kazi yangu ni kuwapokea simbilisi waliotelekezwa, kuwatibu na kuwatafutia makao mapya, na wengi ninaowaona wakirudi kituoni hurudi kwa sababu swali hilo halikuulizwa mapema.

Ndugu zake wa porini huko Amerika Kusini huishi kwa vikundi vidogo, dume na majike kadhaa pamoja na watoto wao, na maelfu ya miaka ya kufugwa hayajamwondolea haja hiyo. Simbilisi wa peke yake hujibanza pembeni, hushtuka upesi, na hamu yake ya kula hupungua. Hata ukimpenda namna gani, huwezi kukesha naye, wala hujui kumjibu anapoita. Uswisi imeliweka jambo hili katika kanuni zake za ulinzi wa wanyama za mwaka 2008: wanyama wa kundi kama simbilisi hawafugwi mmoja mmoja. Naiunga mkono kanuni hiyo kwa moyo wote. Simtoi simbilisi kwenda kuishi peke yake.

Lakini kabla ya kumtafutia mwenzake, lazima tujue ni dume au jike. Hapa ndipo taabu nyingi zinapozaliwa. Mtu huuziwa "majike wawili", kumbe mmoja ni dume. Mimba ya simbilisi huchukua siku 59 hadi 72, kwa kawaida huzaliwa watoto 2 hadi 4, nao hutoka tumboni wakiwa na manyoya, meno, na macho yaliyofunguka. Saa chache tu baada ya kuzaa, mama anaweza kushika mimba nyingine. Watoto wa kiume hutenganishwa na mama na dada zao wakifika wiki 3, la sivyo baada ya muda mfupi nyumba imejaa na mwenye nyumba anapiga simu akilia.

Kwa hiyo kila anayepokewa nampakata, namkagua mwenyewe, hata akiletwa na cheti. Kwa jike utaona mpasuko wenye umbo la herufi Y. Kwa dume utaona kitundu cha mviringo, na ukibonyeza polepole juu yake, uume hutokeza. Jike yeyote aliyeishi na dume asiyehasiwa nahesabu ana mimba hadi muda upite, nami simtoi kabla ya wiki 10 hadi 11 kwisha. Jike aliyepitisha miezi 7 au 8 bila kuzaa yumo hatarini zaidi, kwa sababu kiungo cha mbele cha nyonga yake huweza kuwa kimekaza. Uzazi wa kwanza katika umri huo unaweza kumuua yeye na watoto.

Baada ya hapo ni karantini ya wiki 2 hadi 3. Natafuta utitiri wa upele, Trixacarus caviae, unaochimba ndani ya ngozi na kuleta mwasho mkali kiasi kwamba mnyama anaweza kuanguka kifafa akiguswa. Natafuta chawa, na mapunye, ambayo humwambukiza hata binadamu. Naangalia pia kiseyeye. Mwili wa simbilisi hauwezi kujitengenezea vitamini C, kama wetu sisi, na aliyelishwa punje zilizokaa ghalani muda mrefu huja akiwa na viungo vilivyovimba, hataki kutembea, analia akinyanyuliwa. Anahitaji takriban miligramu 10 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito kila siku. Pilipili hoho mbichi husaidia sana. Kumtilia dawa ndani ya maji ya kunywa sikushauri, maana vitamini hiyo huharibika upesi majini, na hujui amekunywa kiasi gani.

Akipona, anatafutiwa mwenzake. Mchanganyiko unaonipa usingizi mzuri ni dume aliyehasiwa pamoja na jike mmoja au zaidi. Dume huyo hukaa mbali na majike hadi wiki 6 baada ya upasuaji, kwa kuwa mbegu huweza kubaki ndani yake. Majike wawili huelewana mara nyingi. Madume wawili nao huelewana wakipewa nafasi ya kutosha na pasiwe na harufu ya jike karibu. Madume watatu siwaweki pamoja. Na sungura si mwenzake, tafadhali. Teke moja la sungura linaweza kumvunja mifupa, na sungura huweza kubeba bakteria wa Bordetella bila kuugua huku simbilisi akipata nimonia.

Siku ya kuwakutanisha natandika mashuka sakafuni katika chumba ambacho hakuna kati yao aliyewahi kukaa. Naweka marundo mawili matatu ya nyasi kavu yaliyoachana, chupa mbili za maji, na mboga zilizotawanywa. Kijumba chenye mlango mmoja hakiingii humo. Aliyekimbilia ndani akifuatwa hana pa kutokea, na vita huanzia hapo. Nawaweka chini wote kwa wakati mmoja, kisha nakaa nao.

Kinachofuata huwatisha wageni. Dume huunguruma kwa sauti nzito, anatembea polepole huku akiyumbisha kiuno kulia na kushoto. Jike asiyemtaka humgeuzia mgongo na kumrushia mkojo usoni, na shabaha yake ni ya ajabu. Wanafukuzana, wanapandana, wanasimama pua kwa pua na kuinua vichwa juu kadiri shingo zinavyofika, na anayeshusha kwanza ndiye aliyekubali kuwa chini ya mwenzake. Utaona hata vishungi vya manyoya sakafuni. Yote hayo ni mazungumzo wanayopaswa kuyamaliza wenyewe. Ukiwatenganisha katikati kwa huruma, kesho wataanza upya, tena kwa hasira zaidi.

Mimi nasikiliza meno. Kugonganisha meno harakaharaka ni onyo. Likifuatwa na manyoya ya shingo kusimama na kinywa kufunguka wazi, naingiza taulo nene katikati, kamwe si mkono mtupu, maana meno yale hukata kidole. Wakishikana wakawa donge moja linaloviringika na damu ikatoka, basi hao hawafai kuishi pamoja na simbembelezi mtu ajaribu tena. Lakini mara nyingi, baada ya saa moja au mbili, mmoja huanza kula nyasi, mwenzake anamsogelea, akavuta unyasi uleule. Nawapa muda zaidi hata hapo, kisha nawahamishia kwenye kizimba kilichooshwa pembe zote ili kisiwe na harufu ya mwenyeji. Siku kadhaa zinazofuata watakumbushana nani mkubwa. Hilo si la kuogopesha.

Kuna kundi ninalolipigania kuliko mengine: waliofiwa. Simbilisi huishi miaka 5 hadi 8, na ni nadra wawili kufa pamoja. Anayebaki huweza kuacha kula, na simbilisi ambaye hajala kwa saa 12 ni mgonjwa wa dharura, kwa sababu utumbo wake haupaswi kusimama. Wenye nyumba huogopa: "Nikimletea mwenzake mdogo, huyu mzee akifa nitaanza tena, lini nitamaliza?" Hofu yao naielewa. Ndiyo maana huwa napendekeza mtu amchukue mzee mwingine kutoka kituoni, mwenye umri wa karibu na wa kwake. Au achukue mwenza kwa mkopo, akae naye hadi aliyefiwa atakapokufa, kisha arudishwe kwetu tumuunganishe na wengine. Na kama mtu amekwisha kuamua kuacha kufuga, namwomba amlete aliyebaki tumtafutie kundi, kuliko kumwacha amalizie miaka yake kimya ndani ya kizimba.

Kwa upande wa makao sina mengi, ila siyaachii. Kwa wawili, kizimba kisipungue sentimita 120 kwa 60, na kikiwa kikubwa zaidi ndiyo heri. Sakafu iwe bapa, maana ya waya huchubua nyayo na vidonda vyake hupona kwa taabu. Joto la nyuzi 18 hadi 24 linawafaa. Likipita 30 wanaweza kufa kwa joto. Nyasi kavu ziwepo muda wote, kwa kuwa meno yao hukua maisha yote na nyasi ndizo zinazoyasaga. Mtoto anaweza kuwapenda na kuwahudumia, lakini mwenye kusaini kwangu ni mtu mzima, na ndiye nitakayempigia.

Jambo jingine ninalolikazia ni daktari wa mifugo. Mtafute kabla hujamchukua mnyama, na umuulize waziwazi kama amewahi kutibu simbilisi. Antibiotiki za jamii ya penisilini, zikiwemo ampisilini na amoksilini za kunywa, zinaweza kuua bakteria wazuri wa tumboni na kumwacha mnyama afe kwa kuhara. Dawa inayomponya mbwa haimfai huyu.

Siku ya kuondoka nawatoa wawili katika sanduku moja, pamoja na fungu la nyasi walizokwisha zilalia na daftari la uzito. Mpime kila wiki kwa mizani ya jikoni. Simbilisi huficha ugonjwa hadi dakika za mwisho, na gramu 50 zilizopungua zitakuambia mapema kuliko macho yako. Siku za kwanza watajificha. Waache, ila hakikisha nyasi zinapungua na kinyesi kipo. Katika mkataba tunaosaini kuna kifungu ambacho sikibadilishi kwa mtu yeyote: ukishindwa kuwatunza, kwa sababu yoyote ile, hutampa jirani wala kuwaachia porini, bali watarudi kwangu, wote wawili, na daftari lao.