Mtihani kila Jumamosi haumfundishi mtoto hisabati

Naomba niliseme hili maana nimechoka kulisoma kwenye magrupu ya wazazi, eti "shule fulani wanapiga mtihani kila wiki ndo maana wanafaulu". Hapana jamani. Nafundisha hisabati darasa la saba, na huo muda mnaoushangilia ndo muda niliotakiwa nifundishe.

Hesabuni wenyewe: moko (mtihani wa majaribio) ya mkoa, moko ya wilaya, mtihani wa kata, ujirani mwema (ule wa pamoja na shule jirani), wa muhula, alafu hiyo ya Jumamosi. Mtihani wa NECTA (Baraza la Mitihani la Taifa) wenyewe ni masomo sita kwa siku mbili, moko nazo zinaiga hivyohivyo, na siku hizo hazipotei kwa la saba peke yao maana madawati yanakusanywa ili wakae mmoja mmoja, la tatu na la tano wanabaki sakafuni au wanarudishwa nyumbani mapema. Hiyo hakuna anayeihesabu. Kusahihisha nako, watoto 70 kwa dakika nne kila karatasi ni dakika 280, karibu masaa matano, na hapo ni somo moja tu.

Ila kinachoniumiza zaidi ni hiki. Swali linauliza 1/2 + 1/3. Mtoto mmoja anachagua 2/5, huyo kajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, hajui bado sehemu ni kitu gani. Mwenzake anachagua 2/6, huyo anajua asili, yaani namba ya chini, inatakiwa iwe 6 ila kasahau kubadilisha namba za juu, dakika tano tu ukikaa naye ameelewa. Wa tatu kabahatisha. Wote watatu wanapata mkasi mmoja, yaani alama ya kukosa, wote wanasomewa nafasi zao mstarini, na kabla sijakaa na hata mmoja wao Jumamosi imefika, karatasi mpya, kosa lilelile. Sasa hapo nani kafundishwa?

Mtaniambia kujipima kunasaidia kumbukumbu. Ni kweli, watafiti wa saikolojia Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba anayejaribu kukumbuka alichosoma anakishika kwa muda mrefu kuliko anayerudia tu kusoma. Lakini hilo nalipata kwa maswali matatu ubaoni, dakika kumi, bila kusogeza dawati wala kuchangisha hela ya karatasi.

Januari 2023 NECTA waliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora, nikafurahi sana, ila huku chini orodha ya kwanza mpaka ya mwisho bado inabandikwa, na mwalimu mkuu akiwa wa mwisho kwenye kata unajua kabisa kitakachofuata, mitihani inaongezwa.

Sehemu moja tu nasita. Kuna shule za vijijini zina mwalimu mmoja wa hisabati, anatunga mwenyewe, anasahihisha mwenyewe, na watoto wanapata 40 kati ya 50 mwaka mzima mpaka moko ya wilaya ije ionyeshe hawajui kugawanya. Hao ukiwaondolea moko umewaficha. Kwa hiyo ya wilaya iacheni, mara moja kwa mwaka, na baada yake tupewe wiki nzima ya masahihisho bila mtihani mwingine wowote. Ya kata na ya Jumamosi futeni.