Presha ya macho si presha ya damu, wala si mtoto wa jicho

Mtu akisema ana "presha ya macho", mara nyingi anazungumzia glakoma, ugonjwa unaoharibu neva ya jicho. Jina hilo limezoeleka, ila huwapoteza wengi. Kuna wanaopimwa presha mkononi, wakaambiwa iko sawa, wakaamini na macho yako salama. Hizo ni presha mbili tofauti.

Nyuma ya mboni hutengenezwa majimaji maangavu yanayolisha jicho, kisha hutoka kupitia vijia vidogo pale weusi wa jicho unapokutana na weupe. Vijia vikizibazibika, majimaji hurundikana na shinikizo hupanda. Kawaida huwa kati ya 10 na 21 kwa milimita za zebaki. Kinachoumia ni neva inayopeleka picha kwenye ubongo, na nyuzi zake zikifa hazioti tena. Wapo ambao neva huharibika hata presha isipovuka 21. Ndiyo maana daktari wa macho haridhiki na namba tu, huichungulia neva yenyewe.

Aina iliyoenea zaidi kwetu haiumi. Huanza kula uoni wa pembeni, wa katikati ukabaki: mtu anasoma ujumbe kwenye simu bila shida, huku anagonga bega kwenye mlango na bodaboda inamtokea ghafla ubavuni. Jicho moja likififia, la pili humfichia. Iko pia aina ya ghafla, yenye jicho jekundu, maumivu makali na kutapika. Hiyo ni ya kukimbilia hospitali siku hiyohiyo.

Linaloniumiza zaidi ni wazee wanaokaa nyumbani wakisubiri "iive", wakidhani ni mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho ni lenzi iliyoingia ukungu. Hutolewa, ikawekwa ya bandia, na mara nyingi mtu akaona tena. Glakoma haina kuiva. Kilichopotea hakirudi, na kila mwezi wa kusubiri unaondoka na kipande kingine.

Watu weusi huipata mapema na kwa ukali zaidi, na ugonjwa huu hurithiwa katika ukoo. Kama mzazi au ndugu yako wa tumbo moja anayo, kapimwe hata kama unaona vizuri. Wengine wafanye hivyo wakifika miaka 40. Matone ya kutuliza muwasho yenye steroidi (dawa ya kupunguza uvimbe), yakitiwa miezi mingi bila daktari, nayo hupandisha presha ya jicho.

Tiba hulinda kilichobaki, kwa matone ya kila siku, leza au upasuaji. Utafiti wa hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kuwa baada ya mwaka mmoja leza ilidhibiti glakoma kwa wagonjwa wengi kuliko matone ya timololi. Hiyo ni habari njema kwa anayehangaika kununua chupa mpya kila mwezi. Na mwenye pumu amwambie daktari kabla ya kuandikiwa timololi, maana inaweza kumbana kifua.