Mwalimu mtetezi wa haki maana yake nini? (sio kununua madaftari tu)

Juzi kijiweni Mwanga, hapa Kigoma, walimu wawili walikuwa wanabishana. Mmoja anajiita mtetezi wa haki kwa vile kila muhula ananunulia watoto wawili madaftari, mwenzake anamwambia kaka hiyo ni huruma, Mungu akubariki, ila kutetea haki ni kitu kingine. Mimi niko na huyu wa pili.

Mtetezi ni yule anayeutazama utaratibu wenyewe wa shule, anajiuliza unamuacha nani nje, halafu analisemea kwenye kikao cha walimu, kwa mkuu, kwa wazazi, ikibidi mpaka kwenye chama cha walimu.

Maneno haya tunayasikia zaidi kutoka Marekani na kule yana historia, 1954 Mahakama ya Juu ilisema kutenganisha watoto weusi na weupe kwenye shule za umma ni kinyume cha katiba, lakini sheria inabadilika leo mambo yanabaki yale yale, mpaka Oktoba 2016 walimu wa Seattle wakaingia kazini na fulana za kusema maisha ya weusi yana thamani. Na vuguvugu lililotokana na hapo linadai vitu vya kushikika: walimu weusi waajiriwe zaidi, historia ya weusi ifundishwe, pesa ya polisi wa shuleni iende kwa washauri nasaha.

Mtu wa huku atasema sisi hayo hatuna. Weee. Enzi za mkoloni kulikuwa na shule za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, hata hiyo Tabora Boys tunayojivunia Waingereza waliianzisha miaka ya 1920 wakiwalenga watoto wa machifu, mtoto wa mkulima hakuwa kwenye hesabu. Uhuru ulipokuja shule zikachanganywa, sawa.

Ila habari ya rangi haikuishia hapo. Mtoto mwenye ualbino mara nyingi haoni vizuri ubaoni, ukimkalisha nyuma umeshamfelisha kabla hujafundisha. Baada ya yale mauaji ya watu wenye ualbino miaka ya 2000 watoto wengine walipelekwa Kabanga kule Kasulu wakaishi shuleni kwa usalama, sibezi kabisa, lakini mtoto kukua mbali na mama yake kwa sababu ya ngozi, huo ni ulinzi, haki bado. Haki ni asome kijijini kwao, akae mbele, mtihani wake uwe wa maandishi makubwa, avae kofia yake na mwalimu wa zamu asimwambie avue.

Kuna na dogo wa darasa la kwanza anayejua Kiha tu, akifungua mdomo darasa zima linacheka na ticha naye anacheka.

Basi yule wa madaftari akauliza, sasa mimi nianzie wapi? Mwenzake akamwambia elimu bila ada imeanza 2016, anza na wale mnaowarudisha nyumbani kila Jumatatu kisa mchango.