Vidole vinakufa ganzi ukishika maji baridi? Pale kwenye shina la kucha pana jibu

Skleroderma ni ugonjwa adimu, wengi hamjawahi kuusikia, na wanaoujua wanaujua kwa vile ngozi inakaza mpaka mtu anashindwa kukunja vidole au kufungua mdomo vizuri, lakini mishipa midogo ya damu huwa inaumia mapema, mara nyingi kabla ngozi haijaanza kukaza. Ukishika maji ya friji au ukikutana na baridi ya Makete mwezi wa saba vidole vinapoa, vinakufa ganzi, alafu vikipata joto vinauma. Hiyo inaitwa Raynaud, jina la daktari Mfaransa alieielezea mwaka 1862. Vitabuni utasoma vidole vinakuwa vyeupe, bluu, alafu vyekundu, sasa kwenye ngozi nyeusi rangi hizo zinaweza zisionekane vizuri na mgonjwa anarudishwa nyumbani na vidonge vya maumivu, inaniuma sana hii.

Wengi wenye Raynaud hawana skleroderma. Ili kuwatofautisha tunaangalia kapilari, vile vimishipa vyembamba kabisa. Unakaa kwanza chumba chenye joto la kawaida dakika 15 mpaka 20 mikono itulie, tunadondosha tone la mafuta pale ngozi inapokutana na kucha, tunaweka kamera inayokuza mara 200. Tunapima vidole 8, dole gumba tunaruka, na mara nyingi cha pete na cha mwisho ndo vinaonyesha vizuri. Hakuna sindano, haiumi.

Kapilari zisizo na shida zimejipanga kama pini za nywele, kawaida 7 au zaidi kwenye milimita moja. Kwenye skleroderma unakuta zingine zimepanuka kupita maikromita 50, kuna vidoti vya damu iliyovuja, na ugonjwa ukiendelea zinapungua, sehemu zinabaki tupu kabisa. Tangu 2013 vigezo vya Marekani na Ulaya vinayapa mabadiliko haya pointi 2, Raynaud pointi 3, mtu akifikisha 9 anahesabiwa ana skleroderma.

Ukija kupimwa usipake rangi ya kucha wala hina, usivute sigara siku hiyo, na ile ngozi ya shina la kucha usiikate wiki kadhaa kabla manake vidonda vinatuchanganya. Ngozi nyeusi inataka mwanga mzuri na mpimaji asiekuwa na haraka. Hospitali isiyo na hiyo kamera inaweza kuanza na dematoskopu, kile kifaa cha mkononi cha madaktari wa ngozi. Kapilari zikionekana zimeharibika tunaagiza damu ipimwe kingamwili za ANA, zile zinazoshambulia viini vya seli za mwili wenyewe, na mapafu na moyo vipimwe hata kama bado hukohoi.