Afisa uhusiano, umesikia habari ya leo?

Jumatatu ya tarehe 20 Januari 2025 ziliingia habari mbili. Mchana Dodoma, Rais Samia akiwa na mkuu wa Shirika la Afya Duniani Dk. Tedros alitangaza kwamba mgonjwa wa Marburg, ugonjwa wa virusi wa jamii moja na Ebola, amethibitika Biharamulo mkoani Kagera, alafu usiku kwa saa zetu, kule Washington, Donald Trump katoka tu kuapishwa akasaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Ukiwa hapa Arusha unaweza kusema Kagera ni huko ng'ambo ya Ziwa Victoria na Washington ndo usiseme, lakini mji wetu unakula kwa watalii na kwa mashirika yanayopata misaada ya nje, kwahiyo zote mbili zilikuwa za kwetu.

Mimi nafundisha mawasiliano kwa umma, na kila wakija maafisa uhusiano kwenye kozi fupi nawauliza asubuhi hii mmesoma nini. Wengi wanajibu wamepitia ukurasa wa taasisi yao kuangalia komenti. Inaniuma kwa kweli, maana mteja anayekupigia simu hajasoma ukurasa wako, kasoma habari ya dunia na anataka kujua wewe unasemaje.

Chukueni Ebola ya mwaka 2014. Ugonjwa ulikuwa Guinea, Liberia na Sierra Leone, ila wageni waliahirisha safari za Serengeti na Kilimanjaro kwasababu kwao Afrika ni moja. Aliyekuwa anafuatilia habari alikuwa na jibu tayari, kwamba Monrovia, mji mkuu wa Liberia, iko karibu na Madrid kuliko ilivyo karibu na Arusha, fungua ramani upime. Jibu kama hilo huwezi kulitunga saa sita usiku huku bosi anakupigia simu, unalipata kwasababu ulikuwa unafuata habari tangu siku ya kwanza.

Na habari zinabadilika jamani. Hiyo Marburg, tarehe 14 Januari Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya wagonjwa wanaoshukiwa, siku chache baadae Wizara ya Afya ikasema sampuli zilizopimwa hazina virusi, tarehe 20 ndo ikathibitishwa. Ukiwa umewaandikia wageni "hakuna Marburg Tanzania" bila kuweka tarehe wala kusema nani kasema, ndani ya wiki moja unaonekana muongo na hukudanganya. Afu mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 13 Machi, kwahiyo hata tangazo la tahadhari lina siku yake ya kutolewa, lisibaki linatisha watu mpaka Juni.

Kuna hili la posti za kupangwa zijitume zenyewe, hapa naomba mnisikilize sana. Mheshimiwa Lowassa, waziri mkuu wa zamani, alifariki tarehe 10 Februari 2024, zikatangazwa siku tano za maombolezo, bendera nusu mlingoti, na mazishi yakawa Monduli, hapo tu jirani. Siku ya tano ikaangukia Valentine! Biashara yoyote iliyokuwa imepanga posti ya maputo mekundu na muziki tangu Januari ilitakiwa kuisimamisha, na kompyuta haijui msiba, anayejua ni wewe.

Sio lazima umalize bando. Redio ya saa kumi na mbili asubuhi, gazeti moja la kwetu, idhaa moja ya nje, na kurasa za wizara inayokuhusu, hiyo ni nusu saa. Alafu kabla hujakaa ofisini pita mapokezi na getini uwaulize dada na mlinzi jana watu wameuliza nini, maana swali likianza kurudiwa pale mlangoni, kabla ya saa nne linatakiwa liwe na majibu ya mistari mitatu, yana tarehe, na wote wanaopokea simu wanayo.