Waziri Mkuu ni mchumi, kwa hiyo mafuta ya alizeti yashuke?

Jumamosi soko la Majengo, hapa Dodoma, nimeulizwa tena. "Mchumi, si mwenzenu ndiye Waziri Mkuu sasa? Mafuta yanashuka lini?" Mama anayeniuzia alizeti alikuwa anajaza chupa za maji za lita moja na nusu, kila moja akiiinua juani aone kama kuna uchafu uliotuama chini. Swali hili nimeulizwa kwenye bodaboda, msibani na hata kwenye korido za halmashauri ninakofanya kazi ya mipango. Nimechoka kulijibu nusunusu.

Watu wanachanganya elimu na madaraka. Dkt. Mwigulu Nchemba ni mchumi kweli, na alifanya kazi Benki Kuu kabla ya kuingia bungeni mwaka 2010 kwa jimbo la Iramba Magharibi. Lakini tazameni alikopita: Naibu Waziri wa Fedha, kisha Waziri wa Kilimo, wa Mambo ya Ndani, wa Katiba na Sheria, ndipo akawa Waziri wa Fedha, na Novemba 2025 Waziri Mkuu. Ukiwa na dhamana ya polisi na magereza, mfumuko wa bei si kazi yako. Kilichomfikisha alipo ni siasa, na Katiba yenyewe inataka hivyo: Ibara ya 51 inasema Waziri Mkuu atoke miongoni mwa wabunge wa kuchaguliwa majimboni, kisha Bunge limthibitishe. Mfananishe na Dkt. Philip Mpango, mchumi mwenzake. Mwaka 2015 aliingia bungeni kwa kuteuliwa na Rais, akakabidhiwa Fedha. Kwa kiti kile cha kuteuliwa asingeweza kuwa Waziri Mkuu hata angekuwa na shahada tano.

Riba je? Hiyo ni ya Kamati ya Sera ya Fedha ya Benki Kuu, ambayo tangu Januari 2024 inatangaza Riba ya Benki Kuu. Tuendelee.

Linaloniumiza ni hili la mafuta. Nchi haijitoshelezi kwa mafuta ya kula, kwa hiyo mawese yanatoka nje na ushuru wake unagusa bei ya alizeti. Bajeti ya 2018/19 iliweka asilimia 25 kwa mafuta ghafi na 35 kwa yaliyosafishwa. Ushuru huo haupangwi na mtu mmoja mezani kwake Mtumba, kwenye Mji wa Serikali. Ni ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki: mawaziri wa fedha wa nchi wanachama hukaa kabla ya bajeti, na nchi inayotaka kiwango tofauti inaomba. Ukiushusha, mkaanga chipsi wa Dodoma anapumua, lakini mkulima wa Iramba na Kongwa anabaki na magunia ambayo mwenye kiwanda anayapangia bei anavyotaka. Ukiupandisha, kilio kinahamia mjini. Mchumi anaweza kukuonyesha nani ataumia na kwa kiasi gani. Kuchagua nani aumie ni kazi ya mwanasiasa, na shahada haimpunguzii mzigo huo.

Na sisi tusijitakase. Vitabuni, ushuru ukipanda mkulima analima zaidi, viwanda vinakamua zaidi, halafu bei inatulia. Nimeliandika hilo kwenye makisio zaidi ya mara moja. Huku kwetu msimu wa mvua ni mmoja. Ikikatika Februari, alizeti inakauka ikiwa imeanza kutoa maua, na jedwali langu halina maana tena. Kuna siku najiuliza kama uchumi unambadilishia waziri uamuzi, au unampa tu maneno ya kuueleza uamuzi alioingia nao. Nina mashaka ya kweli hapo, na miaka ya kazi haijayaondoa.

Basi nikamuuliza yule mama mafuta anayatoa wapi. Akasema analetewa na kaka yake, analima na kukamua Kiomboi, kule Iramba.

"Na kaka naye anataka bei ishuke?"

Akaifuta chupa kwa kanga. "Aa, huyo anataka ipande," akasema, huku akikaza kifuniko.